Ni ya Nani?

Sikuzani alikuwa anamimina ndoo ya mwisho ya maji ya kununua kwenye pipa pale bodaboda ilipomshusha bintiye, Shamila, na begi lake. Binti alikuwa amekonda, macho yamemwingia ndani. Alisema shikamoo, akakaa kizingitini, akaeleza. Mumewe, Faridi, alikuwa amempigia simu kutoka machimboni Tunduru na kumwambia aondoke nyumbani kwake Chiwata, arudi kwao Newala. Zahanati ilimpima mkojo, ikatoka mistari miwili, na mama mkwe, Bi Shakila, akawahi kumpasha mwanawe habari. Mke wako ana mimba. Na Faridi alikuwa hajakanyaga nyumbani kwa miezi sita.

"Ni ya nani?" Sikuzani aliuliza.

"Mama, sijalala na mtu."

"Nimekuuliza ni ya nani! Mimba haiokotwi njiani."

Shamila alivuta begi lake, akaingia ndani.

Wiki ile nzima Sikuzani alifoka. Alifokea kuku, alifokea masufuria, na binti yake akamfungia ndani ili majirani wasimwone. Damu ilipoanza kumtoka binti mpaka godoro likalowa, ndipo hofu ikamshika mama. Lakini hata hofu haikumwondolea aibu. Newala alikuwa anajulikana mpaka na wauza mihogo, kwa hiyo akamfunika mwanawe ushungi hadi puani, akampeleka Masasi ambako hakuna anayewajua.

Huko walimkuta Daktari Anjelina, mwanamke mfupi asiye na maneno mengi. Alipitisha kifaa cha altrasaundi tumboni mwa Shamila mara kadhaa, kisha akakiweka kando.

"Hapa hakuna mtoto," alisema. "Kuna mimba iliyowahi kutoka?"

"Ipo. Faridi aliniacha nayo ikiwa changa, akasafiri, ikatoka kabla sijamwambia."

"Kilitoka nini?"

"Vipovu vingi, kama mayai ya chura. Mama mkwe alivifunga kwenye kitenge akavizika nyuma ya mikorosho. Alisema ni mkosi, nisimwambie mtu."

"Hukupelekwa hospitali ukasafishwa?"

"Hapana."

Daktari alishusha pumzi. Akawaeleza kwamba ile ilikuwa mimba zabibu, mimba isiyo na mtoto, kondo lake linaota ovyo. Mabaki yake yalikuwa yamejichimbia kwenye mji wa mimba yakawa uvimbe, na uvimbe huo unatoa homoni ileile ya mimba. "Mpimeni mkojo kila siku, kila siku kipimo kitasema ana mimba. Hii ni saratani, mama, na eksirei itatuonyesha kama imefika kwenye mapafu. Lakini ni saratani inayosikia dawa. Atapona, na akimaliza muda wa kuangaliwa anaweza hata kuzaa."

Sikuzani alitoka chumbani kwa daktari. Alimpigia Bi Shakila palepale kwenye korido, akapayuka mpaka wagonjwa wakainua vichwa. "Umezika ugonjwa wa mwanangu kwenye mikorosho yako, halafu ukamwita malaya! Angekufa ungesemaje? Ungesema nini, wewe mwanamke?" Simu ilikatwa. Akapiga tena, ikawa haipatikani, akaitukana hivyohivyo.

Shamila alipelekwa hospitali kubwa. Dawa zilimtoa nywele, zikamchubua mdomo mpaka uji ukawa adhabu. Lakini kila walipompima damu homoni ilikuwa imeshuka, na korosho zilipoanza kuanguka, haikuonekana tena. Akarudi Newala, na kitambaa kichwani.

Faridi alikuja siku chache baadaye na doti ya khanga. Hakufika hata kwenye mkeka.

"Toka!" Sikuzani alizinyakua zile khanga akazirusha uani. "Mwanamume gani wewe! Mkeo anaoza, wewe unasikiliza umbea! Huna hata haya ya kuja hapa?"

"Mama, nisamehe, nilidanganywa..."

"Usiniite mama!"

Shamila alitoka ndani polepole. Aliokota khanga, akazikung'uta vumbi, akamrudishia mumewe. "Nenda, Faridi. Leo sina la kukwambia."

Faridi aliondoka ameinamisha kichwa. Sikuzani hakuwa amemaliza. Alimfuata kwa maneno mpaka barabarani, akarudi anahema. "Hawa watu hawana utu! Mtu unamjua, umelala naye kitanda kimoja, unawezaje kumwazia mabaya hivyo?"

"Mama, basi."

"Basi nini? Sitanyamaza mimi! Chiwata nzima watanitambua!"

Shamila alikaa kizingitini.

"Faridi alikuwa mbali," alisema. "Alisikia kwa mama yake, akamwamini mama yake. Na mimi nilikuja kwa mama yangu. Nilikaa hapahapa, ukaniuliza ni ya nani."

Sikuzani alifungua mdomo. Matusi yote aliyokuwa amewawekea watu wa Chiwata, hakuna hata moja lililotoka.