Chuchu ya Mpira ya Maximilla

Nereah hakuwa amepanga kumsingizia mtu. Asubuhi hiyo alikuwa ameidumbukiza chooni chuchu ya mpira ya bintiye Maximilla, mtoto wa miaka miwili na nusu, maana meno ya mbele yalikwishaanza kuchomoza nje na muuguzi wa kliniki alimwonya mara mbili. Lakini mtoto alipoamka akaanza kupapasa chini ya mto huku analia, Nereah tayari alikuwa na furushi la mitumba begani, anakimbilia soko la ng'ambo. Neno likamtoka kabla hajalipima.

"Tata ameichukua."

Tata, yaani bibi kwa Kiteso, ni Acom, mjane kutoka eneo la Mukuju aliyepanga chumba cha jirani hapo Busia. Tangu Maximilla akiwa wa miezi minne, Acom ndiye aliyeshinda naye kila siku mama yake alipovuka mpaka kuuza nguo.

Jioni Nereah alimkuta ameketi mlangoni, kikombe cha uji wa wimbi kimepoa mkononi.

"Mtoto nakataa mimi leo," Acom alisema kwa Kiswahili chake cha kubabaisha. "Napiga mkono yangu, nalia tu. Mtoto nagonjwa?"

"Ni meno, Mama," Nereah akajibu. Uongo wa pili ulimtoka kwa wepesi uliomtisha.

Kesho yake mambo yakawa yaleyale. Siku ya tatu Acom alikuja amevaa gomesi, gauni lake refu la kanisani, ananukia sabuni.

"Labda mimi nanuka moshi," alisema, akijaribu kucheka. "Leo naoga vizuri."

Maximilla akajificha nyuma ya sketi ya mamake. "Tata mbaya! Lete yangu!"

Nereah akalitua furushi.

"Mama, hujakosa kitu. Chuchu yake niliitupa mimi, nikamwambia umeichukua wewe."

Acom alilainisha mkunjo wa gomesi kwa kidole.

"Jana mimi nafua nguo yote," alisema mwishowe. "Hata blanketi."

Nereah akapiga magoti mbele ya mtoto. "Tata hakuchukua. Mama ndiye aliyetupa. Mama alidanganya."

Maximilla akamtazama huyu, akamtazama yule. Kisha akamzaba mamake kofi kwa kiganja chake kidogo, akaangua kilio. Nereah hakukwepa. Mtoto akaenda kulilia kwenye mapaja ya Acom, naye Acom akampokea, akimbembeleza kwa Kiteso, bila kumtazama Nereah.

Siku ile Nereah hakwenda sokoni.

Mtoto alisahau chuchu kabla wiki haijaisha. Acom naye aliendelea kumlea, wala hakulitaja tena jambo lile. Ila zamani alikuwa akiingia kwao tu, kama kwake. Sasa hupiga hodi, akasimama nje mpaka akaribishwe, na kila asubuhi Nereah akiisikia hodi hiyo huchomwa moyoni.