Aliyeonja Kwanza

Maziwa hayaondoi madini ya risasi mwilini. Ndivyo nilivyofundishwa chuoni, na ndivyo nilivyowaambia wafanyakazi wa kiwanda cha uchapaji cha Muhima, hapa Kigali, tangu nilipoajiriwa kuwa muuguzi wao. Hawakunisadiki. Walipanga herufi za risasi kwa mikono mitupu, na kila asubuhi, kabla ya kazi, walikunywa kikombe cha maziwa wakiamini kwamba yanaosha sumu.

Aliyewapa maziwa hayo ni mkurugenzi wao, Mutsinzi. Alisimama katikati ya chumba cha herufi, akanywa funda la kwanza yeye mwenyewe, kama mwenyeji wa huku kwetu anavyofanya ili mgeni ajue kinywaji ni salama. Kisha akamimina, na huku akimimina aliuliza.

"Melchior, mama watoto amejifungua?"

"Bado, mzee. Mtoto amesikia bei ya sabuni, anaogopa kutoka."

Mwenye macho mekundu alirudishwa nyumbani akalale.

Mwanzoni mwa mwaka 1992 wenye kiwanda walimhamishia Mutsinzi kwenye tawi la Butare. Akaja Jean-Berchmans Kagabo, mhandisi aliyesomea Ubelgiji. Alifuta maziwa, akanunua feni za kutoa hewa chafu na glavu za kila mtu. Nilikubaliana naye, na vipimo vikathibitisha: vumbi la risasi lilipungua.

Wagonjwa wakaongezeka. Walikuja kwangu na matumbo yanayowaka, vichwa vinavyogonga, usingizi uliopotea. Vita vilikuwapo kaskazini, na kwanza nilidhani ndivyo sababu. Lakini wafunga vitabu wa jengo la pili, waliobaki na msimamizi wao wa zamani, walisikiliza redio ileile, na idadi ya wagonjwa wao haikubadilika.

Kagabo hakuwa mkatili, wala hakupiga kelele. Alipita nyuma ya migongo ya watu bila salamu, akasimama, akaondoka. Baadaye ukurasa wenye kosa ulibandikwa mlangoni, pamoja na jina la aliyekosea. Melchior, mpanga herufi bora kuliko wote, alipandwa na presha hadi nikahofia kiharusi. Nilimpa dawa. Presha haikushuka.

"Dada Spéciose," aliniambia, "nasikia pumzi yake shingoni hata nikiwa kwangu Nyamirambo, ninakula."

"Basi acha kazi upone."

"Kazi naipenda. Ninachotamani ni zile asubuhi."

Nilipanda ofisini kwa Kagabo. "Chumba ni safi, Bwana Mkurugenzi, na watu wanaugua. Melchior atapooza."

"Wanataka maziwa? Watapata. Ushirikina huu ni wa bei nafuu."

Ndoo ya maziwa ililetwa na msimamizi wa zamu, ikawekwa mezani. Kagabo alibaki ghorofani. Adhuhuri ndoo ilikuwa bado imejaa, utando umetanda juu. Katika Kigali ya mwaka ule, ya vita na hofu ya sumu, nani angekunywa kitu ambacho mtoaji hakukionja?

Nilipanda tena. "Shuka uonje."

Alitazama dirishani. "Maziwa yananivuruga tumbo, tangu utotoni. Nyumbani walikuwa wakinicheka."

"Onja chai, basi. Maziwa hayajawahi kumponya mtu pale chini."

"Na nikishaonja, niseme nini?"

"Waulize wamelalaje."

Kesho yake alishuka na birika. Alikunywa funda, akaungua ulimi, akajikaza. Kisha akaenda kusimama mbele ya Melchior, si nyuma.

"Umelalaje?"

"Vibaya, Bwana Mkurugenzi."

Ndipo Mukandekezi, mama wa makamo aliyesahihisha kurasa, akasema kutoka kwenye kona yake, "Na chai yenyewe haina sukari!" Watu wakacheka. Kagabo naye akacheka, kwa kuchelewa kidogo.

Kurasa zilibanduliwa mlangoni. Chai ikaendelea, ikapata sukari, na wagonjwa wakapungua wiki baada ya wiki. Presha ya Melchior ilishuka, lakini si ya kutosha. Ndipo alipoomba uhamisho wa kwenda Butare, kwa Mutsinzi.

"Amebadilika," nilimwambia. "Umeona mwenyewe."

"Nimeona, dada. Mgongo wangu ndio haujaona. Akipita nyuma yangu, unakaza."

Nilipeleka ombi lake ghorofani. Kagabo alitia saini bila kubisha, kisha akaniuliza kama alikuwa amechelewa. Nilimjibu kwamba kwa wengine hakuchelewa.

Muuguzi wa tawi la Butare nilisoma naye. Miezi michache baadaye alinipigia simu: presha ya Melchior ilikuwa ya kawaida, na dawa alikuwa ameipunguza. Hilo ndilo nililotaka kujua, na nilimshukuru. Lakini sikukata simu. Nilimuuliza kama Melchior bado huimba akipanga herufi, kama asubuhi zile za Mutsinzi, kwa sauti ya chini, akirudia mstari mmoja tu kwa sababu mingine haijui.

Akasema hajui, yeye humpima presha tu.

Nikamwomba ateremke chumba cha herufi asubuhi moja, asikilize, kisha anipigie tena.