Pale Anaposimama Mama Panya

Mlinzi wa geti ndiye aliyempachika jina la Mama Panya, na mwenyewe hakulikataa. Miaka tisa kwenye maabara ile akiwalisha panya, akiwasafishia vizimba, akiwapima akili. Angeitwa mama wa nani tena, na mtoto hakujaliwa?

Kazi yenyewe haina urembo. Panya analazwa kwa dawa ya usingizi, fuvu linatobolewa tundu la ukubwa wa kifungo cha shati, mashine inashusha chuma mara moja tu, na hapo ubongo umeumia kama wa mtu aliyeanguka. Akizinduka, ama anachomwa dawa inayojaribiwa, ama maji ya chumvi. Baada ya wiki mbili anatiwa kwenye beseni pana la maji yaliyotiwa rangi nyeupe, na ndani yake kuna kibao kilichofichwa chini kidogo ya uso wa maji. Mwenye kumbukumbu hukiendea kibao, akapanda, akapumzika. Asiye nayo huzunguka mpaka atolewe. Mama Panya hushika saa na kuandika sekunde.

Safari hii kulikuwa na vizimba vya kijani na vya manjano, na ni mfamasia peke yake aliyejua nani kapewa nini. Wiki iliyopita alifungua bahasha yake yenye siri hiyo. Kijani ndio waliopewa dawa, na Kijani walikuwa wakikipata kibao kwa sekunde kumi na mbili huku Manjano wakihangaika dakika nzima. Daktari, mkuu wa utafiti, mtu ambaye kucheka kwake ni habari ya kutangaza, alicheka mpaka miwani ikamdondoka.

"Mama Panya, Ijumaa naipeleka dawa hii kwa kamati ya hospitali. Wakikubali, tunaanza na wagonjwa ishirini. Mumeo ni wa nne kwenye orodha."

Alilia palepale bila haya. Mumewe alikuwa fundi umeme hodari, mwenye maneno mengi na mikono isiyotulia. Miezi minane iliyopita ngazi ilimteleza, akaangukia kichwa. Tangu hapo, nyumba yake mwenyewe ya vyumba viwili na ukumbi mwembamba ikawa inampoteza. Lakini kwa wiki tatu sasa, kila mchana, alikuwa akitoka chumbani na kufika chooni bila kushikwa mkono. Siku ya kwanza wifi yake, dada wa mume anayekaa na mgonjwa mpaka Mama Panya arudi kazini, alipiga vigelegele. Mama Panya alijiambia kwamba ubongo ule bado una uhai, unangoja dawa tu.

Alhamisi asubuhi Daktari alitaka Kijani wapimwe mara ya mwisho. Bomba la sinki lilikuwa limepasuka na sakafu ya upande ule ilikuwa chepechepe. Basi Mama Panya, ambaye miezi yote husimama kando ya sinki na kitambaa chake chekundu kichwani, akaenda kusimama upande wa mlango.

Panya wa kwanza aliogelea moja kwa moja hadi upande wa mlango, akaanza kuparua ukuta wa beseni chini ya kidevu cha Mama Panya. Kibao kilikuwa kulekule upande wa sinki.

"We, umelewa?" Mama Panya alimtania.

Wa pili akaja vilevile. Wa tatu, vilevile. Utani ukamwisha. Alihamia dirishani, akamtia wa nne, naye akaja dirishani.

Hapo Mama Panya akaelewa: hawakifuati kibao, wanamfuata yeye. Daktari alikuwa ameagiza kila mpimaji apime rangi zote mbili. Mama Panya na mwenzake wa zamu ya mchana, bwana waliyemwita Redio kwa kuwa hazimiki, waligawana kimyakimya: Kijani kwake asubuhi, Manjano kwa Redio mchana, ili yeye awahi nyumbani kumlisha mgonjwa. Na Redio hupima huku akizungumza na simu, akizunguka chumba kizima. Panya wake hawakuwa na mtu wa kumwendea. Wa Mama Panya walikuwa naye, kila siku, mahali pamoja.

Fundi bomba aliahidi kumaliza saa nane. Kesho asubuhi angerudia kipimo akiwa kando ya sinki na Kijani wangekwenda kibaoni, na hakuna ambaye angejua. Alikwenda nyumbani akijiambia hatasema.

Mchana ule mumewe alipojinyanyua kitandani kwenda haja, Mama Panya hakusimama mlangoni pa choo kama ilivyokuwa desturi yake. Alikwenda mwisho wa ukumbi, kwenye rafu ya vyombo, akangoja.

Mume alitoka, mkono ukipapasa ukuta. Aliufikia mlango wa choo ulio wazi, akaupita. Akaja hadi kwake, akasimama wima mbele yake, akatabasamu kwa fahari. Suruali ikaanza kulowa.

"Nimefika?" aliuliza.

"Umefika, mume wangu."

"Mbona hili la choo alikuwa ameshalishinda?" wifi, aliyekuwa hajaondoka, alisema nyuma yao. Mama Panya alipiga magoti akapangusa sakafu, na machozi yakamtoka mpaka hakuona anachopangusa.

Ijumaa, kabla ya kikao, alimweleza Daktari yote, la zamu na la sinki. Daktari alivua miwani, akaiweka mezani. Afadhali angefoka.

"Ungenyamaza nisingejua," alisema mwishowe.

"Najua."

"Na mumeo ni wa nne."

"Ndiyo maana nimekuja, Daktari. Mngemchoma kitu msichokijua, na mimi nikakaa nangoja apone."

"Labda dawa inafaa, labda haifai. Sasa hatujui lolote. Tunaanza upya, na itachukua miaka miwili." Aliikunja orodha, akaitia kwenye droo. "Kuanzia leo hupimi tena. Utalisha tu."

Kijani walikuwa wa kuuawa siku hiyohiyo, kwa kuwa panya aliyemaliza kupimwa hutolewa ubongo ukachunguzwe. Mama Panya ndiye aliyebeba vizimba. Walipokiona kitambaa chekundu walikimbilia mbele, pua kwenye nondo. Alikivua, akakitia mfukoni.

Nyumbani wifi alimlaki mlangoni. "Dawa wanaanza lini?"

"Hakuna dawa, wifi. Si mwaka huu."

Alichukua kigoda akakiweka mlangoni pa choo. Akakitoa kitambaa mfukoni, akakinyoosha juu ya goti, akajifunga kichwani. Chumbani kitanda kililia, kisha zikasikika nyayo, na mkono ukipapasa ukuta.

"Njoo," aliita. "Niko hapa."