Panya wa Gisèle

Nyumba ya panya ya maabara yetu hapa Kamina niliichora mimi, Mwenze, na sitaki mtu aniletee hadithi za wafadhili. Wao walileta saruji tu. Mimi ndiye niliyeamua madirisha yaelekee mashariki, sakafu iinamie mfereji, na miguu ya meza isimame ndani ya mikebe ya mafuta machafu ili siafu wasivifikie vizimba. Vyumba ni viwili, cha panya wazima na cha panya wenye malale. Kati yavyo kuna milango miwili, na wa pili haufunguliwi mpaka wa kwanza ufungwe. Wageni kutoka Lubumbashi walikuwa wakicheka kwamba panya wetu wanalala vizuri kuliko walimu. Wacheke wanavyotaka.

Panya wenyewe ni hawa hawa wa shambani ambao watu wetu huwala. Lakini vijidudu vilivyokuwa katika damu yao vilitoka kwa mke wangu.

Gisèle alipougua malale alipewa vidonge vya siku kumi. Vinamezwa baada ya kushiba, na lazima mtu asimame mbele ya mgonjwa aone vinashuka. Mtu huyo nilikuwa mimi. Siku nne kati ya hizo kumi nilikuwa hapa, nikiwagombeza mafundi wa paa, naye akabaki na sahani yake na vidonge vyake. Jioni aliniambia amemeza. Miezi mitano baadaye ugonjwa ulirudi, na haukumwacha.

Kabla hajafa walichukua damu yake wakawadunga panya wawili kwa sindano. Daktari Tshimanga, mtafiti wa malale, alinieleza bila kuzunguka. Siku moja angeleta mtungi wa baridi kali, agandishe damu hiyo, aipeleke mahali ambapo vijidudu vitajaribiwa kwa dawa ile ile. Dawa ikiviua, basi Gisèle hakumeza sawasawa, na kosa ni langu. Ikishindwa kuviua, basi mimi sina hatia. Kamina hakuna baridi ya namna hiyo, kwa hiyo ilibidi vijidudu viishi ndani ya panya mpaka mtungi ufike. Kila wiki mbili nilichota tone la damu kwa panya mgonjwa nikampa mzima. Nilifanya hivyo miezi saba.

Kila Jumatatu nilivitazama kwenye darubini, vikijipinda kati ya chembe za damu. Vilimuua mke wangu, na mimi nilivilea. Nilivichukia, na kila nilipovikuta hai nilifurahi mpaka nikaona haya. Mama mkwe wangu, Salomé, alisema msibani mbele ya watu wote kwamba mwanawe aliachwa peke yake na dawa. Alirudi kwao Kabongo kungoja majibu, nami nikayangoja huku.

Januari mvua ilitushinda. Panya wetu hulalia maganda ya mahindi yaliyokatwakatwa na kukaushwa juani, na jua halikuwapo. Maganda yakaota ukungu. Nikaenda kwa Lumbala, seremala wa karibu na kambi ya wanajeshi, akanipa magunia mawili ya maranda ya mbao. Lumbala hupasua mataruma ya zamani, yale magogo yanayolaliwa na reli, hutengeneza vitanda.

Ndaya, mtunza panya wetu, alifungua gunia akarudi nyuma.

"Papa Mwenze, hii maranda inanuka. Inachoma mu pua."

"Inanuka nini?"

"Sijue. Sawa vile dawa. Tuiweke kwanza kwa bapanya babili, tungoye siku saba, sawa vile uliandika ku mulango."

Kweli niliandika, kwa mkono wangu, na kwa wino mwekundu. Nikaingiza pua ndani ya gunia. Sikusikia kitu ila mbao.

"Weye muntu wa kuvua samaki kule Malemba," nikamwambia, "unajua nini ya mbao? Badilisha vizimba vyote."

Mimi nilizaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli. Baba alitengeneza njia ya treni. Mama alipikia vipande vya mataruma, na mlango wetu ulikuwa wa mataruma. Yale mafuta meusi ambamo mti hulowekwa ili mchwa wasiule, mimi niliyavuta tangu nikiwa mgongoni. Pua yangu haiyajui kama harufu.

Hiyo ilikuwa Jumamosi. Jumatatu asubuhi sita walikuwa wamekufa, nyayo zimevimba na pua zina damu. Kufikia mchana walikuwa zaidi ya ishirini. Tulitupa maranda, tukawaosha mmoja mmoja kwa maji ya uvuguvugu, Ndaya akachana kikwembe chake, nguo ya kujifunga, tukawalaza juu yake. Hakuninyooshea kidole hata mara moja. Afadhali angenitukana.

Jumanne alibaki panya mmoja tu, mgonjwa, anahema. Wazima wote walikuwa wamekwisha, na damu haikuwa na mahali pa kwenda. Ndaya akapanda pikipiki kwenda sokoni kutafuta panya hai. Akawakuta waliokaushwa kwa moshi, wanne wanne kwenye kijiti. Akapitiliza hadi mashambani, akarudi saa kumi na panya mmoja anayerukaruka ndani ya mkebe.

Wa kwetu alikuwa amekufa saa nane. Nilikuwa nimechota damu yake nikaweka kichupa kwapani kisipoe, na nilikaa hivyo kwa muda wa saa mbili, nikimwita Gisèle kama mjinga. Tulimdunga damu hiyo yule wa shambani. Kisha nikaweka tone lililobaki kwenye darubini. Hapakuwa na kilichojipinda.

Alhamisi Daktari Tshimanga alifika na mtungi wake unaofuka moshi. Alitazama damu ya yule panya wa shambani, akaitazama tena siku tano mfululizo. Siku ya sita, bila kuona kijidudu hata kimoja, akafunga mtungi mtupu.

Mama Salomé alikuja baada ya misa ya Jumapili. Kwetu mwanamume hamtazami mama mkwe usoni, kwa hiyo yeye alikaa ndani nyuma ya pazia, mimi nikakaa barazani. Nilimwambia yote: maranda, maneno ya Ndaya, sheria yangu ya wino mwekundu.

"Basi hatutajua," akasema.

"Hatutajua, mama."

"Kama njo vidonge vilishindwa, ama njo weye ulimuacha."

"Ndiyo, mama."

Nilijikaza nipokee laana. Ilikuwa haki yake.

"Kila misa nilikuwa naomba Mungu ikuwe vidonge njo vilishindwa," akasema. "Nilikuwa nataka nikusamee, mukwe yangu. Sasa nikusamee juu ya nini, kama hatutajua?"

Nililia pale barazani, mtu mzima, majirani wakinitazama, na nyuma ya pazia nikamsikia naye analia.