Viatu Nyuma ya Pipa

Jumatatu asubuhi mwanamke muuza sabuni alikuta viatu vya kiume nyuma ya pipa, vimepigwa rangi vizuri. Alivisogeza kwa mguu, akatia chumvi kwenye sabuni ya maji ili iwe nzito, na kuanza kukoroga.

Ilikuwa wiki ya tatu tangu apange kile chumba. Bado hakuwa na mkataba, na bila mkataba angeweza kutolewa siku yoyote, yeye na pipa lake. Kila alipomkumbusha mwenye nyumba, alijibiwa, "Tutaongea." Na kila mteja aliyeingia aliangaza macho mpaka kwenye pembe, kisha akauliza, "Hivi nani kakufungulia hii biashara?"

"Nimefungua mwenyewe."

"Haya bwana."

Jumanne msusi wa jirani naye aliuliza hivyo hivyo, na viatu vikaota miguu mpaka magotini. Jumatano akaja shangazi yake, akanusa chupa tatu bila kununua hata moja.

"Mimi ni shangazi yako, niambie. Ni mume wa mtu?"

"Hakuna mtu, shangazi."

"Basi huyo asiyekuwepo ana soksi nzuri."

Alipotoka, palikuwa na mkanda na kitambi. Ijumaa kichwa kilifika. Akawa mwanamume mzima, wa makamo, amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa. Muuza sabuni alimtazama kwa jicho la pembeni, akampa chupa za kuosha. Hakuziosha.

Jumamosi mwenye nyumba alikuja, akachungulia, akampita muuza sabuni na kwenda moja kwa moja nyuma ya pipa.

"Kumbe upo, mzee! Si ungejitokeza mapema?"

Akatoa karatasi mfukoni. Ilikuwa imeshaandikwa, na kukunjwakunjwa kwake kulionyesha ni ya siku nyingi. Mwanamume akatia sahihi.

"Mpangaji ni mimi," muuza sabuni alisema.

"Ndiyo, ndiyo," alijibu mwenye nyumba, huku akimpa yule mkono.

Wiki iliyofuata alikuja mteja mgeni na galoni lake. Alimwamkia mwanamume, akamsifia sabuni yake kuwa nzito, kisha akamsogelea muuza sabuni na kunong'ona:

"Bosi wako anakulipa vizuri?"

"Halipi."

"Vumilia, mdogo wangu. Wenzako hata kazi hawana."

Muuza sabuni akamjazia galoni mpaka shingoni, akafunga kifuniko.