Makofi ya Mwenye Shamba

Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo tusemavyo, lakini tangu alfajiri Mwalimu Klementina alikuwa na wasiwasi. Alikwisha kumwagiza mkwewe Scola achinje jogoo, asonge ugali wa ulezi na apige deki mpaka uvunguni. Hayo yote hayakumtuliza. Mgeni ambaye mwalimu alikuwa akimngojea stendi ya Sumbawanga alikuwa Mama Salim, mwanamke aliyemkaribisha kwake Palestina wakati wa kuchuma zeituni. Tangu waagane, mama huyo hakuwa amemwandikia zaidi ya "salama" na "asante".

Safari ile ya Palestina ilikuwa ziara ya mafunzo. Watu wachache wa mjini, wa kanisani na wa msikitini, walialikwa kwenda kujionea jinsi Wapalestina wanavyoishi chini ya ukaliaji wa mabavu. Klementina alifikia kwa Mama Salim. Alioneshwa mizeituni iliyopandwa na babu wa mwenyeji wake, na geti la chuma lililoikata njia ya kwenda huko. Geti lilifunguliwa na askari, siku walizopenda wao.

Asubuhi ya kwanza pale getini, Klementina alifanya lile ambalo Mfipa yeyote aliyelelewa angelifanya. Mahali pa watu hupiti tu kama mbuzi. Alichuchumaa, akainamisha kichwa, akapiga makofi taratibu na kumsalimu askari. Kijana yule, rika la mjukuu wake, aliangua kicheko na kuwaita wenzake waje waone. Mama Salim alikuwa amesimama nyuma na ndoo yake ya kuchumia. Siku ile nzima hakumsemesha.

Heshima si utumwa, Klementina alijitetea moyoni. Na mwacha mila ni mtumwa, hilo nalo tunalijua. Ila wahenga hawakutuachia neno kuhusu mila inayokuchuchumaza mbele ya bunduki. Alitafuta maneno ya kuomba radhi akayakosa, akarudi Ufipa na jambo hilo kifuani. Sasa ilikuwa zamu ya mwenyeji wake kutembelea huku, na mwalimu aliona aibu. Hakutaka yule mama amkumbuke maisha yake yote kama mtu aliyemnyenyekea bwana wa geti.

Mama Salim alishuka kwenye basi amejikunyata ndani ya mtandio.

"Asalaam aleikum, mama yangu," alisema Yunusu, mwenye duka la vipuri, aliyejitolea kuwapeleka kwa gari lake. Kisha akaingiza Kiingereza chake cha dukani. "Usiogope. Baridi ya Sumbawanga haiui, inatia adabu tu."

Mama Salim akacheka, na Klementina akashusha pumzi kidogo.

Njiani kuelekea Mwazye palikuwa na kizuizi cha mazao, kamba tu iliyofungwa vitambaa vyekundu. Yunusu alipopunguza mwendo, Mama Salim alifungua mkoba haraka. Akatoa pasipoti na karatasi zake zote, akazishika wazi juu ya magoti.

Kijana wa kizuizi akachungulia. "Mna mahindi?"

"Tuna mgeni," Yunusu akajibu.

"Shikamoo, mama," kijana akamwambia Mama Salim, akaenda kushusha kamba.

Walikwenda mwendo mzuri kabla Mama Salim hajazirudisha karatasi mkobani. "Amesema nini yule?" aliuliza kwa Kiingereza, lugha waliyoelewana kwayo.

"Amekuamkia. Kama angemwamkia mama yake," Klementina akajibu.

Mama Salim akageukia dirishani. Hapo ndipo pa kusema, Klementina aliwaza. Badala yake akaanza kumwonesha mashamba ya njiani. Mwalimu mzima, aliyefundisha watoto wa watu kusimama na kujieleza!

Nyumbani Mwazye, Scola na majirani walimpokea mgeni kwa kuchuchumaa na kupiga makofi, na Mama Salim aliwatazama mikono kwa makini sana. Baadaye Klementina aliporudi na maji, alimkuta jikoni na Scola, Yunusu akiwatafsiria, wote watatu wanacheka. Walipomwona wakanyamaza. Alidhani kisa cha getini kimekwisha kusimuliwa mpaka kwa mkwewe.

Jioni Klementina na Mama Salim walikwenda shambani. Kule hakuna ukuta wala seng'enge. Ni matuta ya duara, nyasi zimefukiwa ndani na maharage yamechipua juu, mpaka upeo wa macho. Klementina alitangulia. Alipogeuka, mgeni hakuwa nyuma yake. Alikuwa amesimama pale majani yanapoishia na shamba kuanza.

"Pita tu," Klementina akamwita. "Hapana geti hapa."

"Naona. Shamba hili ni la nani?"

"Langu. Alilima baba yangu."

Mama Salim akaweka mkoba chini. Akachuchumaa polepole, magoti yakimlalamikia, akainamisha kichwa na kupiga makofi. Aliyapiga harakaharaka mno, kama yuko harusini.

"Scola ameniambia kwenu huingii mahali pa mtu kabla hujamsalimu mwenyewe," alisema. "Nimekosea?"

Klementina alilia. Alirudi mpaka pembeni mwa shamba, machozi yanamtiririka bila kuyafuta. "Siku ile getini..."

"Siku ile nilikasirika," Mama Salim alisema, akiwa bado amechuchumaa. "Si kwa sababu ulisalimia. Nilikuwa nimesimama nyuma yako, na shamba lilikuwa langu."

Klementina naye alishuka chini palepale kwenye udongo, wakawa uso kwa uso. Akainamisha kichwa, akapiga makofi taratibu, jinsi inavyotakiwa.

"Mwenye shamba," alisema, "naomba kupita."

Mama Salim aliyatazama matuta kwa muda, kama anayetafuta mizeituni yake katikati ya maharage.

"Pita," akasema.