Jedwali la Safari ya Ziwani

Jumanne, saa kumi na moja na robo jioni, Fundi alikuwa anafumua zipu mbovu kwenye sketi ya mteja. Mtoto wake, Bonge, mwenye mwaka mmoja na miezi miwili, alikuwa amelala kwenye beseni la vipande vya vitambaa chini ya meza ya cherehani. Simu ikalia. Kwenye jedwali la safari, mstari wa tano ulikuwa umetiwa tiki: *Nitakwenda*. Mstari wa tano ulikuwa wa Kicheko, na Kicheko alizikwa mwaka jana.

Kosa lilikuwa la Fundi mwenyewe. Wanawake hao watano walijuana kwenye masomo ya jioni, wote wakikaa dawati la nyuma, na kundi lao la simu waliliita hivyohivyo, Dawati la Nyuma. Siku waliyofundishwa kutengeneza majedwali ya kompyuta, wenzake wanne walitoka mapumziko kunywa chai wakanogewa na soga. Fundi peke yake ndiye aliyerudi darasani. Tangu hapo kila kilichohitaji kupangwa kilimwangukia yeye. Alitengeneza jedwali la kujisomea, akalinakili likawa jedwali la kumtembelea Kicheko hospitalini, na sasa alikuwa amelinakili tena kwa ajili ya safari ya siku mbili ziwani. Alibadilisha kichwa cha habari na tarehe. Majina akasahau kuyapitia, yakabaki matano.

Na namba ya Kicheko ilikuwa bado ipo kwenye kundi. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kumtoa.

"Kicheko anakuja!" aliandika Keshia, ambaye kazi yake ilikuwa kwenye duka kubwa la vyakula.

"Afadhali," aliandika Nesi, mwenye gari. "Bila Kicheko ingekuwa kama kikao cha wazazi."

"Hayo maneno unamwambia nani?" aliandika Mwalimu, wa chekechea. "Mimi vikao hivyo ndivyo vinavyonilisha."

Kicheko mwenyewe akaandika: "Nilidhani mmenisahau jamani. Kumbe mmenipangia mpaka chumba chenye dirisha."

"Huko mtandao unashika?" aliandika Keshia.

"Jioni tu. Ila chaji haiishi, hakuna anayepiga."

Fundi alicheka peke yake hata mtoto akajigeuza kwenye beseni. Alifurahi kweli. Alikuwa akiisubiri safari hiyo kwa miezi mitatu. Tangu ajifungue hakuwahi kulala nje ya vyumba vyao viwili, na alitaka Bonge aone maji mengi kuliko ya ndoo. Alikuwa ameshamshonea kofia ya jua, na kwenye ramani alikuwa ameshatia alama mahali pa kusimama ili mtoto anyonye.

Jumatano ikajulikana kwamba gari halitoshi. Lilikuwa na viti vitano: cha Nesi, cha Keshia, cha Mwalimu, cha Fundi, na kimoja cha mtoto, kile kidogo cha kufungwa mikanda ambacho Fundi alikiazima kwa jirani na kikawa kimeshafungwa garini. Sasa Kicheko naye alihitaji pa kukaa.

"Si nimpakate tu," aliandika Fundi.

"Nimpitishe barabarani mtoto wa kupakatwa?" aliandika Nesi. "Shoga, mimi ni mtu wa hospitali. Nimeona mambo."

Kisha Nesi akaongeza: "Tusigombane. Fundi, tutengenezee kura basi, wewe ndiye unayejua."

"Kura ya nini?"

"Ya nani abaki."

Nesi alikuwa dereva, hakuwemo. Keshia alikuwa ameshaomba ruhusa kazini, Mwalimu likizo yake ilikuwa ni wiki hiyo tu. Ikabaki kuchagua kati ya Kicheko na Fundi pamoja na mtoto. Fundi aliandika swali, akapanga majibu mawili, akaweka mwisho wa kupiga kura saa kumi na mbili jioni, akatuma. Alikuwa na imani kwamba wakiyaona yale majina mawili yamekaa juu na chini, mmoja wao angesema, jamani tubanane.

Keshia alipiga kura yake kwanza, abaki Fundi. Mwalimu akafuata, akaweka na kikatuni cha machozi. Nesi akapiga ya tatu. Kicheko alipiga saa kumi na moja na nusu, mtandao ulipomshika, akajichagua yeye mwenyewe abaki. Fundi hakupiga.

"Kicheko, wewe hubaki popote," aliandika Nesi. "Tumekukosa mno. Halafu wewe huna usumbufu, mpenzi. Huli, huumwi, husimamishi gari kila baada ya kilomita kumi."

"Fundi ataelewa," aliandika Mwalimu. "Yeye ni mwelewa."

Fundi aliandika kwamba ameelewa.

Alhamisi jioni Kicheko alikuja dukani. Duka la Fundi lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao, na Kicheko alipiga hodi mlangoni kama mteja mwingine yeyote, akaingia na gauni alilozikwa nalo. Pindo lilikuwa limefumuka upande mmoja, linaburuzika.

"Angalia kazi yako," alisema Kicheko. "Na ulivyojisifu kwamba mishono yako haifi."

"Nililipiga bandi tu, mshono wa kushikizia," alisema Fundi. "Walilitaka siku ileile. Nikasema hata hivyo hutatembea nalo."

"Sasa natembea."

"Panda hapa juu ya kigoda. Usimkanyage mtoto."

Kicheko alichungulia chini ya meza akamtazama Bonge kwa muda mrefu. "Ndiye huyu aliyekuwa akinipiga mateke kila ukikaa kitandani kwangu?"

"Ndiye. Mpaka leo anapiga."

"Mashavu hayo! Kampa nani?"

"Baba yake anadai ni yake."

Fundi alipiga magoti na pini mdomoni, akazunguka pindo taratibu. Miguu ya Kicheko ilikuwa baridi na ina vumbi la udongo mwekundu, akaipangusa kwa kitambaa. Ndipo Kicheko akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya vifungo:

"Ile Alhamisi ya mwisho, ulikuja?"

Fundi alitoa pini mdomoni. "Nilikuja."

"Mbona sikukuona?"

"Mlinzi wa wodi alinizuia. Wageni ni wawili kwa siku, na wako walikuwa wameshaingia. Akanionyesha jedwali. Nesi tiki, Keshia tiki."

"Hakuingia mtu. Nilikuwa nautazama mlango mchana kutwa."

"Najua."

"Jumatatu pia waliweka tiki. Na Mwalimu Jumanne. Nilikuwa naliona kwenye simu yangu, najiuliza labda wamekuja nimelala. Nesi alikuwa zamu ghorofa ya chini yangu, Fundi. Nilikuwa nasikia sauti yake kwenye ngazi."

Fundi aliendelea kuchoma pini.

"Ulimwambia nini mlinzi?"

"Ningemwambia nini? Jedwali nilitengeneza mimi. Nakala ya wodi nilipeleka mimi, nikamwelekeza na jinsi ya kulisoma. Nilisimama pale na mimba yangu ya miezi saba namweleza kwamba wenye tiki hawajaja, akaniambia, mama, hapa pameandikwa."

"Ijumaa alfajiri nikaondoka," alisema Kicheko.

"Nilipigiwa simu."

"Na hawa hukuwaambia chochote?"

"Wangesema nina maneno."

Kicheko alicheka, kicheko chake kilekile cha kuanzia tumboni, hata pini moja ikadondoka. Bonge akaamka, akakaa kwenye beseni, akamnyooshea mikono. Kicheko akamtazama Fundi, Fundi akaitikia kwa kichwa, na Kicheko akashuka kwenye kigoda akampakata mtoto. Pindo lilishonwa hivyohivyo, mmoja ameketi, mwingine amepiga magoti.

"Ningekuachia hiyo nafasi," alisema Kicheko. "Nimewaambia, umeona. Lakini wewe ziwa utalikuta mwakani. Mimi nimepewa ruhusa ya siku mbili."

Fundi alikata uzi kwa meno. "Nenda. Ukae dirishani upande wa kushoto, ndiko maji yanakoanzia kuonekana."

Ijumaa alimkabidhi Nesi jedwali lote, kwa sababu dereva ndiye mwenye msafara. Safu za *Amekwenda* na *Amerudi* alizifunga zisiguswe na mtu mwingine isipokuwa dereva, asije mtu akasahaulika njiani kwa tiki ya haraka. Alijivunia kidogo jambo hilo. Lilikuwa limemgharimu jioni nzima kulijua.

Jumamosi saa moja asubuhi gari lilisimama mbele ya duka. Kicheko alikuwa nyuma, dirishani, upande wa kushoto. Kiti cha mtoto kilikuwa kimefunguliwa mikanda, na Keshia akakitoa nje kupitia mlangoni.

"Shika, kisije kikapotea," alisema Keshia.

Nesi alishusha kioo. "Usinune, mama. Mtoto angechoka bure."

"Sijanuna. Njia panda ya pili mpinde kulia, ya kwanza ina mashimo. Nimewawekea alama."

"Ndiyo maana tunakupenda," alisema Mwalimu.

Wakaondoka. Fundi alibaki na kiti mkono mmoja na mtoto mkono wa pili, na asubuhi ile yote aliwajibu kwenye simu huku akishona. Pindeni hapo. Hapana, mmepita, rudini. Choo kipo kituo kinachofuata, mkono wa kulia.

Saa sita mchana walifika. Nesi akafungua jedwali akatia tiki kwenye safu ya *Amekwenda*, mstari baada ya mstari, yote mitano. Kisha akaandika kwenye kundi: "Fundi, na wewe tumekutilia, usijisikie mpweke. Kimoyomoyo tuko wote."

Saa sita na nusu alikuja mteja wa sketi. Alisimama mlangoni, akapiga hodi, akaangalia cherehani, akamwangalia Fundi, akamgeukia fundi simu wa duka la pili.

"Huyu fundi nguo yuko wapi?"

"Kasafiri na wenzake," alisema fundi simu. "Wako ziwani."

"Nipo, mama," alisema Fundi. "Sketi yako hii hapa, zipu nimeshabadilisha."

Mteja alitega sikio kidogo, kama mtu anayesikia redio ya jirani, kisha akasema, "Basi acha naye apumzike," akaenda zake. Fundi simu alikuwa mtu mwema. Aliona duka la mwenzake liko wazi na mwenyewe hayupo, akaja akafunga mlango na kupiga kufuli, na Fundi na Bonge wakaingia nyumbani kwa mlango wa ndani.

Mumewe, mkata vioo, alirudi saa kumi. Alimkuta Bonge sakafuni anacheza na kibweta cha nyuzi, akambeba, akapasha chakula, akamlisha kijiko kwa kijiko, vizuri kabisa. Fundi alikaa kwenye kiti kando yao akamwambia hicho ni cha moto, pulizia. Mume alipuliza, kwa sababu kilikuwa cha moto. Mama yake alipompigia simu, alisema: "Mama Bonge hayupo, kaenda kutembea na mashoga zake. Anastahili, mama. Yule hapumziki." Fundi alisikia maneno hayo akafurahi, maana hakuwahi kuambiwa usoni.

Jumapili picha zilianza kuingia. Kicheko alitoka vizuri katika kila moja, maji nyuma yake, gauni limenyooka. Saa kumi alasiri Nesi aliegesha gari kwake, akafungua jedwali, akatia tiki kwenye safu ya *Amerudi*: yeye, Keshia, Mwalimu. Kwa Kicheko aliweka kistari. Mstari wa Fundi hakuugusa.

Fundi alisubiri kidogo, asionekane ana haraka. Kisha akaandika: "Karibuni nyumbani. Nesi, na mimi nitie kwenye *Amerudi*."

"Nimechoka hapa hata macho hayaoni," alijibu Nesi. "Kesho. Au keshokutwa, kesho nina zamu. Ila Fundi, mpango wako ulikuwa mzuri, hatukupotea hata mara moja. Tupangie na ya mwisho wa mwaka, nakili hilohilo."

"Tena mapema," aliandika Keshia.

"Na gari lilelile," aliandika Mwalimu.

Fundi alimweka Bonge mapajani akalinakili. Alibadilisha kichwa cha habari, akabadilisha tarehe, safari hii akayapitia na majina, moja moja. Yalikuwa matano. Hakufuta lolote. Akatuma, na kabla hajaweka simu chini tiki za *Nitakwenda* zikaanza kuingia: Nesi, Keshia, Mwalimu, na saa kumi na moja na nusu, Kicheko. Fundi akaweka na yake.

Mumewe alikuja kutoka bafuni anajifuta kichwa. Alimkuta Bonge yuko juu kidogo ya kiti, ametulia, anacheka. Akachuchumaa mbele yake.

"Bonge, wenzake wamesharudi. Mama yako yuko wapi?"

Bonge akaweka kiganja kwenye shavu la mama yake. Baba alitazama pale kiganja kilipo, akawasha taa, akatazama tena.

"Haya," alisema. "Tumsubiri."

Akavuta kiti cha pili akakaa kando ya mkewe, wakamsubiri wote watatu.